Rupia ya Mjerumani ipimwe kama kahawa

Fedha za kahawa zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Bukoba na Muleba, hawakosekani watu wa kuzitafuta kwa njia ya mkato. Zamani walikuja na karata tatu stendi. Siku hizi wanakuja kwa simu, na moja ya bidhaa zao ni rupia ya Mjerumani.

Picha huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook: sarafu nyeupe yenye kichwa cha mtu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye tai juu yake, chini namba ya simu na maneno “inauzwa, bei maelewano”. Halafu linakuja tangazo la upande wa pili: “Natafuta rupia, nalipa mamilioni, madalali wasumbufu hapana.” Kati ya matangazo hayo mawili ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapopotezea fedha zao.

Rupia ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Ina uzito unaojulikana, ina madini yanayojulikana, ina daraja, na ina soko dogo la wanunuzi wanaoifahamu. Mkulima ambaye hakubali bei ya kahawa yake kabla gunia halijapanda mizani, hana sababu ya kukubali bei ya rupia ambayo haijapimwa na mtu yeyote.

Ieleweke kwanza kwamba rupia halisi zipo, na Buhaya ni moja ya sehemu ambako kuziona si ajabu. Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Kabla ya hapo na kwa miaka mingine kadhaa, biashara ya huku ilikwenda kwa simbi, zile kauri zilizotoka pwani. Kodi ya nyumba iliyoanza kukusanywa katika koloni mwaka 1898, ambayo kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3, ndiyo iliyomlazimisha mtu wa kawaida kuitafuta sarafu ya fedha. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na kahawa za Bukoba zikapata njia ya ziwani kwenda Mombasa, na rupia zikarudi kwa njia hiyo hiyo.

Benki kwa mkulima hazikuwapo. Akiba ilikaa nyumbani, na nyingine ilikaa ardhini. Juni 1915 Waingereza walipovuka ziwa na kuushambulia mji wa Bukoba kwa siku mbili, hapakuwa na mtu aliyejua fedha ya Kaizari itakuwa na thamani hadi lini. Kwa hiyo mtu anayesema ameokota rupia wakati wa kuchimba shimo la mgomba si lazima awe mwongo. Tatizo ni kwamba mwongo naye husimulia habari hiyo hiyo, tena kwa ufasaha zaidi.

Habari ya sarafu, hata iwe tamu kiasi gani, haipimi sarafu. Babu kuwa askari, shimo kuwa karibu na boma, chungu kuwa cha kale, hayo yote ni maneno. Sarafu yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi, na kwa bahati nzuri ushahidi huo ni mwepesi kuupata.

Anza na mwaka. Rupia za kwanza zilitolewa na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kuanzia 1890 hadi 1902, na jina la kampuni limeandikwa juu yake. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikashika kazi hiyo mwenyewe. Jina likawa Deutsch Ostafrika, na rupia ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Rupia za fedha za serikali ziliishia mwaka 1914. Hivyo rupia ya fedha ya “Mjerumani” yenye mwaka 1884, 1888, 1903 au 1918 haina haja ya kupelekwa kwa mtaalamu. Haikupata kutengenezwa. Sarafu ya rupia mbili nayo ilitengenezwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894; anayetangaza rupia mbili ya 1910 amejitangaza mwenyewe.

Maandishi nayo yasomwe kwa utulivu, herufi moja baada ya nyingine. Jina la Kaizari kwenye rupia liko kwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Kwenye rupia za serikali ipo herufi ndogo ya kiwanda, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Waigaji wengi hukosea hapa, kwa kuwa wanaiga kutoka kwenye picha na hawajui wanachokiandika.

Baada ya mwaka, uzito. Rupia moja ilikuwa na gramu 11.66, sawa kabisa na rupia ya India iliyokuwa ikitumika upande wa Mwingereza, na upana wa milimita 30 hivi. Nusu rupia ni gramu 5.83 na robo ni gramu 2.92. Sarafu iliyopita mikono mingi huliwa kidogo, kwa hiyo gramu 11.4 si jambo la kushtusha. Ikishuka chini ya 11, au ikizidi 11.8, swali liulizwe. Mizani ya chama cha msingi haifai kwa kazi hii maana inahesabu kilo. Inatakiwa ya sonara, au zile ndogo za kidijitali zinazosoma sehemu ya mia ya gramu. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na fedha ambazo watu hutuma kwa mtu wasiyemjua.

Sumaku haitoshi, ingawa ndiyo inayopendwa na madalali. Fedha haishikwi na sumaku, hilo ni kweli. Lakini shaba nayo haishikwi, wala shaba nyeupe, wala risasi. Sumaku ikiishika sarafu, ni chuma na mjadala umekwisha. Isipoishika, bado hujaambiwa kitu.

Kipimo kizuri kuliko vyote nyumbani ni maji, na hakiharibu sarafu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize majini yote izame, lakini isiguse chini wala pembeni. Mizani itapanda. Rupia ya kweli, ambayo ni fedha kwa asilimia 91.7 na shaba kwa sehemu iliyobaki, itaipandisha mizani kwa gramu 1.13 hivi. Sarafu ya shaba nyeupe yenye uzito ule ule wa 11.66 itaipandisha hadi 1.31, na ya shaba ya njano zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba fedha ni nzito kuliko madini hayo, hivyo kwa uzito uleule inachukua nafasi ndogo zaidi majini. Mwigaji anaweza kupata sura, na anaweza kupata uzito. Kupata sura, uzito na nafasi vyote vitatu bila kutumia fedha yenyewe ni kazi ngumu mno.

Mwisho ni macho. Sarafu halali ilipigwa mhuri na mashine. Uso wa madini ni laini, herufi zina kona kali hata kama zimechakaa kwa juu. Nakala nyingi za bei rahisi humiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Zinaonyesha vitundu vidogo kama vya mkate, herufi zilizovimba kana kwamba zimetengenezwa kwa sabuni, na mara nyingi mstari mwembamba unaozunguka ukingo pale kalibu mbili zilipokutana. Kioo cha kukuzia cha fundi saa kinatosha kuuona mstari huo.

Katika uchunguzi huu lipo kosa moja linalofanywa na watu waaminifu kabisa: kuisugua. Mtu akipata rupia nyeusi hukimbilia majivu, mchanga au ndimu ili ing'ae mnunuzi avutiwe. Wakusanyaji wa sarafu hawataki iliyosuguliwa. Ule weusi ni kama ganda la kahawa kavu. Ndio unaowaambia kwamba mali haijaguswa. Sarafu iliyosuguliwa, au iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa.

Sasa bei, ambayo ndiyo kiini cha uongo wote. Ukizidisha gramu 11.66 kwa asilimia 91.7 unapata gramu 10.7 za fedha safi. Wakia moja inayotumika katika soko la dunia ina gramu 31.1. Rupia moja basi ni theluthi ya wakia, na zaidi kidogo. Mei 2024 wakia ya fedha ilivuka dola 30. Oktoba 2025 ilivuka dola 50. Chukua dola moja kuwa Sh2,500. Madini yaliyomo ndani ya rupia yalikuwa ya Sh25,000 hivi kwa bei ya kwanza, na Sh43,000 hivi kwa bei ya pili. Mkulima anaweza kufanya hesabu hiyo siku yoyote: atafute bei ya wakia, agawanye kwa tatu, azidishe kwa bei ya dola.

Juu ya madini mkusanyaji huongeza kitu kwa ajili ya historia, na kwa mwaka adimu au sarafu ambayo haijachakaa nyongeza hiyo yaweza kuwa kubwa. Lakini rupia ya kawaida iliyotumika sokoni, ya miaka iliyotengenezwa kwa wingi, ni mali ya makumi ya maelfu ya shilingi, si ya mamilioni. Heller za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni na thamani yake ni ndogo zaidi. Ile sarafu kubwa ya shaba ya heller 5 ya 1908 na 1909, yenye gramu 20 hivi, inawashtua watu kwa ukubwa wake tu. Shilingi za simba za Waingereza kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe.

Yapo mambo ya kweli yaliyoikuza hadithi ya mamilioni. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli za Uingereza zimezuia sarafu kutoka kwao, walitengeneza fedha zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora. Zilikuwamo heller 20 na heller 5 za shaba, na rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga. Za dhahabu zilitoka takribani 16,000 tu kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora Septemba mwaka huo. Hiyo tembo ya dhahabu huuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo hiyo inaigwa kupita kiasi, na mtu anayeitangaza kwa simu kwa laki tano hauzi tembo wa Tabora.

Lakini hadithi inayowala watu wengi haihusu historia wala dhahabu. Inadaiwa kwamba rupia fulani zina “zebaki” ndani, kwamba zinavuta punje za mchele au kuzifukuza, na kwamba Wazungu na Waarabu wanazitaka kwa mitambo yao. Hakuna sarafu ya fedha yenye nguvu hiyo. Zebaki ni kimiminika. Haiwezi kukaa ndani ya sarafu iliyopigwa mhuri ikasubiri karne nzima. Punje zinazoruka zimepakwa unga wa chuma, na sumaku imefichwa mkononi au mezani.

Utapeli huu si wa Kagera peke yake. India wanaujua kwa miaka mingi. Mei 2018 polisi wa Delhi waliwakamata baba na mwanawe waliokuwa wamemlaghai mfanyabiashara zaidi ya rupia milioni 14 za India, wakimweleza kwamba kifaa chao kinachovuta mchele kitanunuliwa na shirika la anga la Marekani. Walikuwa hata na mavazi ya kujikinga na mionzi. Saudi Arabia nako, mwaka 2009, watu waligombania cherehani kuukuu za Singer kwa kuamini kwamba zina zebaki nyekundu. Si watu wajinga hao. Wamejikuta sokoni ambako muuzaji anadai kujua kitu ambacho mnunuzi hawezi kukipima.

Uchumi una maelezo juu ya soko la namna hiyo. George Akerlof wa Marekani aliandika mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika, kazi iliyomsaidia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba pale mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, hujitoa. Sokoni hubaki mabovu. Mkulima wa kahawa anaijua hali hii bila kusoma Akerlof. Wachache wakichanganya mawe na kahawa mbichi, mnunuzi hushusha bei ya wote, na aliyeanika kwenye turubai akachambua hulipwa sawa na aliyeanika chini.

Ndivyo ilivyo kwa rupia. Mjane wa Kamachumu au Kanyigo mwenye rupia tano za kweli kwenye sanduku la marehemu mumewe hana pa kuziuza kwa bei ya haki, kwa kuwa mnunuzi wa mbali akisikia tu “sarafu ya kale kutoka mtandaoni” tayari ameweka shaka. Tapeli anamwibia aliyetuma fedha, na anamwibia pia mama huyu ambaye hajawahi kumpigia simu.

Wakusanyaji wa Urusi, ambako biashara ya sarafu za kale ni kubwa, wamelikuta tatizo hilo zamani. Kule kiwanda cha serikali chenyewe, katika karne ya 18 na ya 19, kiliwatengenezea matajiri nakala mpya za sarafu za wafalme wa zamani. Leo nakala nyingine za kumimina na za kupiga mhuri zinauzwa kwenye intaneti kwa bei ya soda. Mnunuzi mzoefu akionyeshwa ruble ya fedha ya Nikolai II hatazami kwanza sura ya mfalme. Anataka gramu 20, fedha asilimia 90, na picha ya ukingo. Karibu na kwetu, ile riale ya Maria Theresa iliyotumika pwani na Uhabeshi ina mwaka 1780 hata kama imetoka kiwandani miaka mia mbili baadaye, maana ilizoeleka hivyo. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unaweza kumuumbua mwongo, lakini peke yake haumthibitishi mkweli.

Kwa anayenunua mtandaoni, picha yenyewe inaweza kuhojiwa. Picha nyingi za rupia zinazozunguka zimechukuliwa kwenye minada ya Ujerumani. Simu ya kisasa inaweza kuitafuta picha hiyo na kuonyesha ilikotoka. Mwenye sarafu mkononi hashindwi kupiga picha nyingine ikiwa juu ya mizani, namba zikionekana, na pembeni karatasi yenye tarehe ya leo na jina la anayeuliza. Anayesema “simu yangu kamera mbovu” huku akiwa ametuma picha tatu safi asubuhi, amekwisha jibu.

Kwa anayeuza, hatari iko kwingine. Chukua mfano wa mzee wa Muleba aliyetuma picha ya rupia yake ya mwaka 1911. Simu inaita jioni.

“Shikamoo mzee wangu. Rupia yako nimeiona. Tajiri yuko tayari, milioni themanini.”

“Marahaba mwanangu. Njoo uichukue.”

“Shida ni moja tu mzee. Lazima ipimwe. Mtaalamu anatoka Mwanza, nauli na dawa ya kupimia ni laki tano. Mimi nimepata nusu, wewe malizia nusu.”

Mzee hana Sh250,000. Anakopa kwa mwenye duka, au anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, ule mtindo wa butura ambao serikali imekuwa ikiupiga vita kwa miaka mingi. Kesho yake mtaalamu gari lake limekamatwa Biharamulo, ya faini inatakiwa laki moja. Keshokutwa tajiri anataka bima. Sarafu yenyewe hakuna aliyeitaka wakati wote huo. Inabaki kabatini, na ni ya kweli. Kilichonunuliwa na kuuzwa hapo ni tumaini la mzee, na mali aliyopoteza ni kahawa ya msimu ujao.

Hapo ndipo tofauti na kahawa inapoonekana wazi. Katika biashara halali mnunuzi ndiye anayetoa fedha. Gharama ya kupima, ikiwapo, hukatwa kwenye malipo baada ya mali kuuzwa, kama ushuru unavyokatwa kwenye kahawa. Hata minada ya nje inayopokea sarafu hukata kamisheni yake kwenye bei iliyopatikana. Zipo kampuni za Marekani, PCGS na NGC, ambazo hupima sarafu kwa ada ya wazi na kuifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba; lakini ada hiyo pamoja na usafirishaji huizidi thamani ya rupia ya kawaida, kwa hiyo njia hiyo inafaa kwa sarafu adimu tu. Makasha hayo nayo yameanza kuigwa, hivyo namba yake ihakikiwe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya watu wachache, serikali ina kazi nyingi. Kwa thamani ya sarafu, ni kweli. Kwa thamani ya kahawa na migomba inayouzwa kuzifuata, si kweli. Familia iliyokwisha pata pigo la mnyauko wa migomba, uliogunduliwa wilayani Muleba mwaka 2006 na kuenea, haiwezi kupoteza mapato ya kahawa ya mwaka mzima na kusimama tena kirahisi.

Halmashauri zina maofisa utamaduni. Mmoja wao akipewa mizani ndogo, kioo cha kukuzia na karatasi yenye orodha ya miaka na uzito, anaweza kuwapokea wenye sarafu siku moja kwa mwezi, Bukoba mjini na Muleba, bila malipo. Hatapanga bei, atasema tu hii ni fedha, hii ni shaba, hii imemiminwa. Vyama vya msingi vinaweza kufanya zaidi ya hapo. Wanachama kumi wenye rupia moja moja hawana nguvu mbele ya mnunuzi wa Ulaya, lakini rupia kumi zilizopimwa, zikapigwa picha vizuri pande zote na kuuzwa kwa mkupuo, gharama ya kuzituma inagawanyika. Ndiyo ilikuwa sababu ya kuanzisha ushirika wa kahawa.

Wanaotamani kuchimba magofu na makaburi ya enzi za Mjerumani kutafuta vyungu wakumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa kuchimba malikale. Wale wa “alama za Mjerumani” kwenye mawe wanajiingiza kwenye hasara mbili, ya nguvu zao na ya mahakama.

Kwa aliyekwisha tuma fedha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na haya ni makosa ndani yake. Asifute ujumbe kwa aibu. Meseji ya muamala yenye jina lililojitokeza, namba iliyopokea, picha za sarafu na mazungumzo yote yapelekwe kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na kampuni ya simu iarifiwe ili fedha kama bado zimo kwenye laini zizuiwe. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040. Jina linalojitokeza linaweza lisiwe la mhusika, kwa kuwa zipo laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kila mtu anaweza kupiga *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua akaikane kwa kampuni husika.